Mkalimani Aliyetupa Maneno

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa kila lugha, aliyempa mwanadamu ulimi kisha akamwekea malaika wa kuyaandika yote anayoyatamka, bila kupunguza na bila kuongeza. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aliyefikisha ujumbe kama alivyopewa, mzito na mwepesi, mtamu na mchungu. Nimeanza hivi kwa sababu mtu ninayetaka kumweleza kazi yake ilikuwa kufikisha maneno, na hakuyafikisha. Umri umenifundisha subira katika mambo mengi. Katika hili bado sijafuzu, wala sitajifanya nimefuzu.

Jina lake silitaji. Amekwisha kwenda mbele ya haki, na wajukuu wake wanaswali msikiti mmoja na wajukuu wangu. Sote tulimwita Mkalimani, kana kwamba Korogwe nzima haikuwa na mwingine. Wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, alifanya kazi katika hospitali ndogo iliyokuwa karibu na reli. Bwana mganga alisema Kidachi, mgonjwa alisema Kiswahili au Kizigua au Kishambaa, na katikati alisimama yeye, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo upande wa Mzungu. Kila aliyeingia hospitali ile alitoka na maneno yake. Dawa ilitoka kwa Mdachi, lakini namna ya kuitumia ilitoka kwake.

Alikuwa mtu wa kupendeza, lazima niseme. Kanzu yake haikuwa na doa, na juu yake alivaa koti la kaki lililopungua vifungo. Sauti yake ilikuwa nene na tulivu, sauti ambayo ukiisikia unaona maradhi yamepungua kabla hujanywa chochote. Watu walitoka Mazingara, mwendo wa siku kadhaa, na walipofika barazani swali lao la kwanza lilikuwa, "Mkalimani yupo?" Hawakumuuliza bwana mganga.

Nilimwona kwa macho yangu akimbeba mgonjwa wa ukoma mgongoni, mtu ambaye nduguze walimwacha njiani, akamwingiza ndani huku watu wakikimbia kando. Alikwenda akajiosha, akarudi kazini, hakulizungumza tena. Kwa hiyo msomaji asidhani namweleza mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, hasira yangu ingepata mahali pa kukaa ikatulia.

Tatizo lake lilikuwa moja. Bwana mganga angeweza kusema kwa muda wa mtu kusoma Yasini nusu, akihesabu kwa vidole, akionyesha tumbo, akionyesha jua, akitikisa kichwa. Mkalimani angesikiliza yote kwa adabu, kisha angemgeukia mgonjwa na kusema, "Dawa hii asubuhi na jioni. Nenda salama."

Watu waliona ni ufundi. Mwenyewe aliona ni ufundi zaidi. Mashamba ya mkonge yalikuwa yametuzunguka, na mfano wake aliutoa huko. "Jani la mkonge ni zito," alikuwa akisema. "Mtu mmoja hawezi kubeba mzigo mkubwa wa majani. Mashine ikisha kulila, kinachobaki ni uzi, na uzi ndio mali. Maneno ya Wazungu ni majani. Mimi nawapa uzi." Baraza lote lingecheka, na wengine wangelirudia neno hilo nyumbani.

Kuna bibi mmoja wa Kilole aliyepewa kichupa cha dawa ya macho. Mkalimani akamwambia, "Matone mawili asubuhi, matone mawili jioni." Bibi akaenda zake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu kuliko mwanzo, na kichupa ni kitupu.

"Bibi, dawa umeitia wapi?" akamuuliza.

"Nimeinywa, mwanangu. Chungu hiyo!"

Mkalimani akawageukia watu waliokaa barazani. "Jamani, njooni muone ajabu. Bibi huyu macho yake yako tumboni!"

Watu wakacheka hadi wagonjwa wakashika mbavu. Bibi akangoja wanyamaze, kisha akasema, "Hukusema macho. Ulisema matone mawili. Mimi nitajuaje, nilikuja kusoma Kidachi?"

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye Mkalimani, naye akacheka nao. Mimi pia nilicheka. Siku hizi nikimkumbuka bibi yule sicheki. Yeye peke yake katika baraza lile alisema kosa lilikuwa la nani, na sisi tukalifanya mzaha.

Mimi nililelewa chuoni. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinirudisha mwanzo wa aya kwa irabu moja niliyoivuta pasipo kuvutwa. Alituambia kwamba neno la mwingine likiwa kinywani mwako ni amana, na amana hairudishwi nusu. Asiyeelewa akakaa kimya, huyo ndiye aliyechapwa. Hospitalini mambo yalikuwa kinyume: aliyechapwa ni aliyeuliza. Wazee wa Korogwe walinihadithia kwamba Mkalimani, katika siku zake za mwanzo, alimwomba bwana mganga arudie neno ambalo hakulisikia vizuri. Mdachi akaona ni ujeuri. Askari akaitwa, na Mkalimani akalazwa chini mbele ya wagonjwa wale wale aliokuwa akiwatafsiria, akapigwa viboko hamsa ishirini. Tangu siku ile hakuuliza tena. Alichosikia alikifupisha, na asichosikia alikifupisha vile vile, na hakuna aliyeweza kutofautisha.

Mungu aniwie radhi, lakini nikiifikiria siku ile damu yangu hupanda hadi leo. Watu waliovuka bahari na dawa zao na vyuma vyao wakasema wamekuja kuponya, kisha wakaufanya mdomo pekee wa kuwafikia wagonjwa uogope kufunguka! Mtu aliyejua kukata mguu na kuushona hakujua kwamba neno nalo lina mshipa, ukiukata mtu hufa.

Ulimi wake, hata hivyo, haukupotoka kwa woga tu. Ulipotoka na kwa huruma. Vibarua wa mkonge walipoletwa kutoka upande wa Ngombezi, mtu angesema, "Mwambie naweza kazi, nataka kurudi, kipande changu hakijajaa siku zake za kazi." Mkalimani angemwona alivyokonda, angemgeukia bwana mganga na kumwambia mgonjwa analalamika maumivu makali. Kibarua angebakizwa kitandani, akishangaa kwa nini amesema hili na limetokea lile. Mkalimani angemkonyeza: "Lala, bwana. Mkonge hauna miguu, hautakimbia." Watu walimpenda kwa hilo. Mimi sikulipenda, na sasa silipendi zaidi. Aliyezoea kuligeuza neno kwa wema hana wa kumshika mkono siku anapoligeuza kwa uvivu. Mlango ni ule ule.

Sasa nifike kwetu.

Kaka yangu alikuwa kibarua wa mkonge. Alishikwa na homa ya matumbo, akapelekwa hospitalini akiwa hajitambui, na habari ikatufikia Mazingara kwamba tukafuate maiti. Mama akasema hafuati maiti, anafuata mwanawe. Tukaenda, mama na mimi na vijana wanne wa kubeba machela. Tulipofika tulimkuta ameketi kitandani, mifupa mitupu, lakini macho yamefunguka na amemtambua mama. Mama alicheka. Hakulia, alicheka, akimshika masikio kama mtoto mchanga.

Bwana mganga akaja. Alisema maneno mengi siku ile. Nakumbuka alivyouzungusha mkono juu ya tumbo la kaka bila kuligusa, na alivyoinua kidole mara nyingi kama mwalimu anayekataza. Mkalimani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mama na sauti yake ile nene.

"Mama, amepona. Ale polepole."

Mama akangoja. "Basi?"

"Basi."

"Baba, huyu bwana amesema mengi. Wewe umetupa machache."

Mkalimani akatabasamu. "Mama, jani zito, uzi kidogo. Nimekupa uzi. Mchukue mwanao kabla jua halijawa kali."

Vijana wa machela wakacheka, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Mama naye akacheka, kwa kuwa alikuwa na furaha na hakutaka kuonekana mgomvi mbele ya watu waliomtunzia mwanawe.

Amepona. Nimelitazama neno hilo miaka mingi kama mtu anavyomtazama nyoka. Kwetu aliyetoka katika mdomo wa simba amepona, hata kama mguu wake umebaki kwa simba. Na aliyekwisha maradhi kabisa, naye amepona. Daktari alikuwa na habari ya yule wa kwanza. Sisi tulipelekewa habari ya yule wa pili.

Tulifika nyumbani kwa shangwe. Njiani kaka alikunywa maji na maziwa tu, kwani hatukuwa na kingine kinachofaa, na kila siku alizidi kupata nguvu. Mama akasema lazima tumshukuru Mungu. Mbuzi akachinjwa, jamaa wakaja, mimi nikasoma dua. Ukapikwa ugali wa muhogo na nyama. Kaka alikuwa na njaa ya mwezi mzima. Mama alikaa karibu yake, akimkatia matonge madogo madogo kwa mkono wake, na kila tonge alimwambia, "Polepole, mwanangu. Polepole, ndivyo walivyosema."

Naye alikula polepole. Hakuna mtu aliyepata kutii agizo la hospitali kama kaka yangu alivyolitii.

Kesho yake tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Alikufa kabla ya adhuhuri, na mkono wake umeshika ukingo wa nguo ya mama.

Baada ya mazishi shangazi, dada wa baba, hakugusa chakula kilichopikwa na mama. Alikisogeza tu chungu kwa ncha ya vidole. Kwetu huhitaji mahakama, chungu kikisogezwa hukumu imekwisha kutoka. Mtu ametoka hospitalini mzima, amesema mwenyewe Mkalimani kwamba amepona, amefika kwa mamaye, amelishwa kwa mkono wa mamaye, amekufa. Watu walijua kujumlisha. Miaka ikapita, na katika harusi na matanga mama alipewa kazi ya kuchota maji na kutwanga, lakini chunguni hakukaribishwa. Alipika chakula chetu sisi watoto wake, akatupakulia, kisha akatutazama tukila kana kwamba anangoja tuanguke. Lililo baya zaidi ni kwamba naye aliamini. Hakuamini kwamba alimwekea kitu. Aliamini kwamba mkono wake una jambo.

Nilipofika Korogwe kwa shughuli zangu, nilimwona Mkalimani mara nyingi barazani, koti lile lile, akigawa uzi. Sikumsogelea. Niliogopa nitakachokifanya, na mtu wa dini hana ruhusa ya kukifanya.

Tulikutana kwa mara ya mwisho kabla vita vya Wadachi na Waingereza havijafika kwetu. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu wa chuo Mazingara, na nilimpeleka jirani yangu kutazamwa jicho. Barazani nikamkuta Mkalimani ameketi miongoni mwa wagonjwa. Miguu yake ilikuwa imevimba kama vinu, na pumzi yake ilikuwa fupi. Masikio pia yalikuwa yamekwisha. Wengine walisema ni umri, wengine walisema ni kwinini aliyokunywa miaka yote. Hakuna aliyemsalimu kwa sauti ya kutosha kumfikia.

Zamu yake ikafika. Bwana mganga alikuwa mwingine, kijana mwenye ndevu nyekundu, na mkalimani alikuwa mwingine pia, mtu mzima aliyejifunza kazi kwa huyu mzee. Daktari akamsikiliza kifua, akambonyeza miguu, akasema maneno mengi. Mkalimani mpya akainama, akapaza sauti, "Mzee! Dawa hii unywe! Upumzike!"

Mzee akaweka mkono sikioni. "Amesema nini?"

"Upumzike!"

Mzee hakusikia. Akageuza uso, akanitazama mimi niliyekuwa karibu, bila kunijua, akauliza kama alivyomwuliza yule, "Amesema nini?"

Msomaji, nilipata furaha ambayo simwombei Muislamu yeyote. Nilijiambia: mpe uzi, naye ajue ladha yake. Nilitaka kumwambia, "Umepona, ule polepole." Maneno yalifika mpaka ulimini. Mungu akayashika, na ninamshukuru mpaka leo kwamba aliyashika, kwani mimi nilikuwa nimekwisha kuyaachia.

Nikamgeukia mkalimani mpya. "Rudia."

"Mwalimu, si yamekwisha?"

"Hayakwisha. Bwana mganga amesema kwa muda wa Fatiha mbili, wewe umesema kwa muda wa kupiga chafya. Mwambie arudie, nawe useme yote."

Akatazama mlangoni alikosimama askari. "Unataka tulazwe chini?"

"Mwambie mimi ndiye niliyeuliza. Nilazwe mimi."

Akamwambia. Mdachi akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akarudia, neno baada ya neno, kwa kuchoka, na mkalimani mpya akanipa vipande vyote, nami nikainama kwenye sikio la mzee nikapiga kelele kama muadhini. Asile chumvi kabisa. Alale ameinua kichwa na kifua. Asipande mlima wala asibebe kitu. Dawa ni matone kumi katika maji, yasizidi, yakizidi ni sumu. Miguu ikiendelea kuvimba arudi mara moja. Na kwamba ugonjwa huu ni wa moyo, hautakwisha, dawa inaushika tu.

Baraza lote lilisikia. Mzee alitikisa kichwa kwa kila neno, na la mwisho alilitikisia zaidi.

"Ni marefu," akasema.

"Ndiyo urefu wake."

Akanikazia macho sasa. "Sauti hii ya Mazingara. Wewe ni mdogo wake yule wa homa ya matumbo. Mama yenu alikuwa akicheka."

Nikasema ndiye mimi.

Ndipo akafumba macho akasoma. Naliita kusoma kwa kuwa sijui neno jingine, alitoa yote kama mwanafunzi anavyotoa sura aliyoihifadhi: "Homa imetoka, lakini hajapona. Utumbo wake ndani una vidonda, ngozi yake ni nyembamba kama karatasi. Apewe uji mwepesi, maziwa na mchuzi uliochujwa, basi. Asitafune kitu mpaka mwezi uandame mara mbili. Ataomba chakula, atalia, msimpe. Mkimpa kigumu utumbo utatoboka, na hapo hata mimi sina dawa."

Miaka yote nilidhani hakusikia, au hakuelewa, au amesahau. Alikuwa nayo. Jani lote lilikuwa limelala kifuani mwake, bichi.

"Uliyajua," nikamwambia, na sikuhitaji kupaza sauti, alisoma midomo yangu.

"Niliyajua."

"Kwa nini hukuyasema?"

Akajibu taratibu, kwa pumzi zake fupi. "Alikuwa akicheka. Nikaona nimwache acheke. Na nyuma yenu watu walikuwa wamejaa, na bwana mganga ana haraka. Nilisikia baadaye kwamba amekufa. Nikayaweka. Sikupata wa kumpa."

"Mama yangu yupo! Mazingara haikuhama!"

Nilitaka kumpiga, mgonjwa, kiziwi, mzee kuliko baba yangu. Nilisimama mbele yake ngumi imefungwa, na sikuona aibu. Kisha nikaketi chini miguuni pake nikamwambia, "Soma tena." Akasoma. Nikarudia kwa sauti kubwa. Alinisahihisha mahali pamoja: niliacha mchuzi uliochujwa. Nikaanza upya tangu mwanzo, kama chuoni, mpaka likawa halina upungufu.

Sikumwambia nimemsamehe. Alinyoosha mkono, nikaupokea, kwa kuwa Muislamu haukatai mkono. Hayo mengine nimemwachia Anayejua uzito wake. Alikufa kabla ya mvua za vuli, na waliomtunza waliniambia hakugusa chumvi hata siku moja.

Nilirudi Mazingara na maneno yale kinywani, nikiyapitia njia nzima. Nilimwita shangazi nyumbani kwa mama. Alikuja, akakaa karibu na mlango kama kawaida yake. Nikayasoma mbele yao wote wawili, bila kupunguza na bila kuongeza, nikasema ni nani aliyeyasema na ni nani aliyeyaficha.

"Mwenyewe amekiri?" akauliza shangazi.

"Mbele ya baraza zima, shangazi."

Akainuka, akaenda jikoni, akaosha mikono. Kulikuwa na chungu cha mboga motoni. Akajipakulia mwenyewe, akaketi katikati ya nyumba, akala, machozi yakimwanguka sahanini. "Wifi, nisamehe," akasema. "Mboga yako haijabadilika."

Mama hakumtazama. Alikuwa akinitazama mimi.

"Apewe nini, umesema?"

"Uji, mama. Uji mwepesi, maziwa, na mchuzi uliochujwa."

"Uji tu?"

"Uji tu."

Akageuza uso kuelekea mafigani.

"Uji nilikuwa nao," akasema.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe afya wewe na wako. Ukiugua, akujaalie mtu wa kukufikishia neno lako zima, refu na chungu kama lilivyo. Na ukipewa neno la mwenzio ulibebe, Mungu aupe nguvu mgongo wako, ulifikishe lote. Amina.